Sare Iliyosomwa “Sale”

Jumatano. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua hainyeshi.

Niwieni radhi, wasomaji. Sijaandika tangu tulipomzika mke wangu. Si kwamba nilikuwa nikilia. Sikuwa na neno, na mwalimu wa Kiswahili asiye na neno ni afadhali anyamaze.

Aliacha duka la kushonea nguo za shule hapa Busia. Sasa anashona binti yetu, Ajiambo, aliyekuwa akiishi Tororo. Zamani mzazi wa Masafu alisafiri mara mbili: kupimisha, kisha kuchukua. Siku hizi Ajiambo anaweka picha mtandaoni, vipimo vinakuja kwa simu, na nguo zinaondoka kwa bodaboda hadi Buteba, hadi Tororo. Cherehani haipumziki.

Nakiri kwamba nilimwambia biashara ya mtandaoni haitafaa.

Tangazo la mtandaoni nililiandika mimi: SARE ZA SHULE ZINAPATIKANA. Ni sahihi kabisa. Lakini huku wengi hawatofautishi r na l. Juzi mama mmoja alifunga safari kutoka Tororo na watoto wawili, akaniuliza, “Mzee, hii sale inaisha lini?”

Nilimweleza kwamba sare ni vazi, wala si punguzo la bei. Nikamwandikia kwa chaki ya kukatia kitambaa. Alinitazama, akawashika watoto mikono, akaondoka.

Alikuwa wa nne mwezi huu.

Ajiambo hakupaza sauti. “Baba, mteja hakuja kufanya mtihani. Tuandike yunifomu, au unitafutie mtu wa kununua mashine ya Mama. Mimi nitarudi Tororo.”

Akiondoka, duka limefungwa. Mimi sijui hata kutunga uzi.

Mke wangu naye alisema “yunifomu”, nami nikiwa nimesimama pale pale. Nilimsahihisha kila mara. Alicheka, akaendelea kupima mabega ya mtoto. Nalikumbuka hilo wazi, na haliniumi. Pengine litauma baadaye.

Leo nimelifungua tangazo, nikalifuta neno sare. Nikalirudisha. Nikalifuta tena. Mpaka sasa linasomeka hivi: ZA SHULE ZINAPATIKANA.

Hiyo si sentensi.

Ajiambo anataka jibu kabla ya Jumapili. Nikishaamua, nitaandika hapa.