Askari wa Shemeji

Shoga, uko? Usipige, nimejifungia chooni hapa kazini.

Ile programu ya chesi ambayo shemeji yangu, huyu ninayekaa naye na kufanya naye kazi hapa, ameihangaikia miaka miwili, si bosi alinipa niijaribu? Mafumbo ishirini ya mwisho wa mchezo, kete nne tano tu ubaoni. Ikafeli yote. YOTE! Nikaandika "haifai", nisije nikaambiwa nambeba shemeji.

Leo nimefungua tena fumbo la kwanza. Mungu wangu. Nilipanga ubao kichwa chini! Askari, ile kete ndogo, aliyebakiza hatua moja awe malkia, mimi nimemweka kama ndiyo kwanza anatoka nyumbani. Mafumbo yote ishirini, shoga! Programu haikukosea, nimekosea mimi.

Nikakimbia kwa bosi. Mlango umefungwa, shemeji yuko ndani.

Akatoka na barua ya kuachishwa kazi. Akanishika bega: "Usijisikie vibaya, shem. Angenipima mtu mwingine, nisingeamini."

Nikakimbilia huku chooni bila kumwambia ukweli. Ameamini, shoga. Ameamini kwa sababu ni mimi.

Na sasa hivi ananisubiri getini turudi nyumbani pamoja.