Picha ya Mama, Nzima

Old Kampala, Kampala

Kaka yangu mpendwa Ambroise,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako na kwa shemeji yako Uthman. Mgongo wako unaendeleaje? Mke wako Esperance na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima, ila mvua imetuandama wiki nzima na biashara yangu ya vitenge imelala kidogo. Namshukuru Mungu hata hivyo, na safari hii nakushukuru na wewe, maana umenifanyia jambo ambalo mwenyewe hulijui.

Ile picha ya Mama uliyonitumia kwa email baada ya mazishi niliipokea vizuri. Ilikuwa ndogo, uso tu, ikafunguka mara moja hata kwenye kisimu changu hiki. Unajua tulivyoachana mimi na Mama. Tangu niolewe na Mwislamu hakunipigia simu, wala hakupokea yangu, akafariki bila kuniambia neno. Kila nilipoitazama picha ile nilijiuliza kama aliondoka akiwa bado amenikataa.

Mwaka tangu mazishi ulipokaribia kutimia, Uthman akasema tutoe picha kubwa ya mama mkwe wake tuitundike sebuleni. Kwao hawana desturi ya kutundika picha za watu, lakini alishikilia, akasema Mama hakumkaribisha yeye, basi yeye atamkaribisha Mama. Nikacheka, nikaenda Wandegeya kwa fundi mmoja wa kuchapa picha, anaitwa Okeny.

Kaka, ilipotoka nilitaka kulia. Uso wa Mama ulikuwa miraba mitupu, kama vigae vya bafuni. Okeny akanieleza kwa upole kwamba picha ile ilikatwa na kupunguzwa ili iwe nyepesi kusafiri, na kwa kutazama kwenye simu inatosha kabisa, lakini ikishapunguzwa haikui tena. Akaniambia nikuulize kama ile ya kwanza bado unayo.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza, unisamehe. Ulikuwa nayo, lakini email ikaikataa kwamba ni nzito mno. Ukaileta kwa WhatsApp, ikafika imekondeshwa na WhatsApp yenyewe. Ukaituma tena, vilevile, ukanikaripia kwamba simu yako ni mpya na mwenye macho mabovu ni mimi! Mpaka Okeny alipochukua simu yangu akakuelekeza uitume kama dokumenti, siyo kama picha. Najua umeme ulikuwa umekatika huko Butembo, ukakodi pikipiki kwenye matope mpaka kwa rafiki yako mwenye intaneti nzuri. Asante, Kaka. Asante tena.

Sasa nikwambie kwa nini nilikukatia simu siku ile picha ilipofika nikasingizia mtandao. Okeny aliifungua kwenye kompyuta yake, na Mama akatokea mzima, kuanzia kilemba mpaka viatu, amesimama mlangoni siku ya Pasaka. Amevaa kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu. Wewe mwanamume huwezi kujua, lakini kitenge kile nilikichagua mimi, nikampelekea kwa mkono wa mfanyabiashara mwaka ule nilioolewa, kumwomba radhi. Sikupata jibu. Miaka yote nilidhani amekigawa. Kumbe alikishonesha, mikono mipana yenye marinda, akaenda nacho kanisani mbele ya wote walionisema. Na katika ugomvi wetu ule uliniambia mwenyewe kwamba siku ile ya Pasaka Mama ndiye aliyekuomba umpige picha akiwa amesimama, akakuagiza unitumie. Ikakataa kwenda kwa uzito wake, naye akafariki kabla hujajua la kufanya, ndipo ukaikata. Sikulaumu hata kidogo. Bila uso ule mdogo nisingeitafuta kubwa. Lakini jibu langu, Kaka, lilikuwa chini ya shingo.

Nililia dukani kwa Okeny bila aibu, na tangu siku ile nalala vizuri.

Barua hii anakuletea Mama Gradi, jirani yangu anayekuja huko kibiashara, pamoja na nakala yako ya picha. Uthman anakusalimu sana. Ndiye aliyepigilia msumari. Msalimie Esperance, unibusie watoto, na mpitie Mama kaburini kwa niaba yangu, umwambie picha yake imefika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Julienne