Kuku wa Tano

Valentine, uko? Nimefanya kitu kibaya. Usimwambie mtu yeyote hapa Kulesa.

Si unajua kila Krismasi jirani yetu Mwislamu, Galma, huja kutuchinjia, ndio yeye na mkewe Sabdio waweze kula kwetu? Hata mama mkwe siku hiyo hagusi kisu.

Leo asubuhi amechinja kuku wanne, akaenda kuangalia ng'ombe wake kule Minjila.

Saa sita mashemeji wakatokea kutoka Madogo bila kupiga simu. Watu saba. Nikaona kitoweo hakitatosha. Nikamshika jogoo nikamchinja mwenyewe nyuma ya jiko. Mimi. Halafu nikamtia sufuria moja na wale wengine.

Nilijiambia nitamtengea Sabdio vipande vyake. Nitavijuaje sasa, na vyote vimeshaiva kwenye mchuzi mmoja?

Akaja, akaketi, akala. Mimi nimesimama na mwiko mkononi. Akaniambia, "Pauline, kwingine mimi huuliza nani amechinja. Kwako siulizi."

Siulizi. Umesikia hiyo, Valentine?

Nikakimbilia jikoni nikamjazia Galma bakuli, na firigisi zote nikaziweka juu, kwa heshima yake. Sabdio ameshaondoka nalo.

Sasa ndio nimehesabu. Nimemtumia firigisi tano. Yeye alichinja kuku wanne.

Na badala ya kumkimbilia Sabdio nimwambie ukweli, nimekaa hapa naomba Mungu mumewe asihesabu.