Stelingi Wako wa Angani

Maparoni

Gharibu,

Assalamu alaykum. Huku kisiwani tu wazima, na mpunga umeanza kuchanua.

Ile tamthilia ya anga uliyonitumia kwenye flashi kutoka Dar nimeitazama yote. Yule kapteni, stelingi wako, simpendi hata kidogo. Kila chombo kinapoharibika fundi ndiye anayekiokoa, ila sifa anabeba kapteni. Daktari wao alipokufa, kapteni alilia machozi, na sehemu iliyofuata alikuwa anacheka. Na huyo Sela, unayetaka nifanane naye, aliacha chuo ili amfuate. Kazi yake ni kuuliza tu, "Sasa tufanye nini, Kapteni?" Mama alitazama kidogo akasema, "Kwani huyu binti hana kwao?"

Nimeisoma pia barua yako. Unasema niikatae kazi ya maabara hospitali ya Mchukwi, kwa kuwa tukioana mke humfuata mume aliko. Kazi nimeikubali, naanza Jumatatu. Posa yako siitaki tena. Mama ameshampigia simu mshenga wako, asijisumbue kuvuka maji Ijumaa.

Wasalimie hapo nyumbani.

Warda