Nje Hatuongei

Jumatatu, 4 Februari 2013

Nimemtoa. Basi! Asubuhi saa mbili nimeingia ofisini kwa principal, nimechukua begi la Mireille, tumerudi nyumbani kwa miguu. Mwalimu wake ametuandikia barua. Eti mwaka mzima wa Grade 1 mtoto hakutamka neno hata moja, hajibu, hachezi na wenzake, kichwa chake kizito, apelekwe shule ya watoto wenye shida. Kichwa kizito! Mtoto wa miaka saba ambaye nikikosea chenji dukani ananivuta sketi!

Nikasema nitamfundisha mwenyewe. Principal akaniuliza kwa upole kama nina certificate. Ninayo, bwana. Miaka minne nilifundisha première primaire, darasa la kwanza, kule Bukavu, watoto hamsini na wawili darasa moja, na hakuna aliyetoka kwangu hajui kusoma. Hapa Durban nasuka nywele. Hilo sikumwambia.

Akasema ni haki yangu, ila niandikishe, na mwezi wa sita afisa wa elimu atamtazama mtoto. Akikuta bado hasemi, barua ileile inarudi, na safari hiyo hatuulizwi.

Nina miezi minne.

Jumanne, 5 Februari

Shule imefunguliwa! Meza ya jikoni, saa mbili kamili: maombi, wimbo, kazi. Papa Mireille anaendesha forklift kule Clairwood, jana ameleta mbao za pallet, amezikata vipande viwili na kuvipaka rangi nyeusi. Ardoise hizo! Nikigonga meza mara moja, Mireille anaandika na chaki. Nikigonga mara mbili, anainua juu nione. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha.

Tano na nne — tisa. Kumi na mbili toa saba — tano. Maswali kumi, majibu kumi! Nimepiga makofi peke yangu kwa niaba ya darasa zima.

Jioni Henriette, tunayesali naye, amekuja kusukwa. Amecheka mpaka machozi. "Yaani mwalimu moja, mwanafunzi moja? Na akichelewa unamufungia geti?" Nimemvuta nywele kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 14 Februari

Anasoma Kiingereza! Namwandikia neno, ananiletea kitu chenyewe: kikombe, sabuni, ufunguo. Namwandikia sentensi nzima kwamba aniletee kitambaa chekundu kilicho chini ya kiti — huyo anakuja nacho. Yote bila kufungua mdomo. Kwenye ardoise hana mpinzani.

Lakini nikimwambia asome kwa sauti na dirisha liko wazi, ananong'ona. Dirisha likifungwa anasoma vizuri tu. Nimejiambia ni baridi. Baridi gani Februari, Durban, jasho linadondoka mpaka kwenye daftari? Najidanganya. Afadhali niandike hapa kuliko kumwambia mtu.

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimelia. Niandike polepole.

Mama Khadeeja ndiye mwenye nyumba, sisi tunakaa vyumba vya nyuma. Ni mtu wa hapahapa, wazee wake waliletwa zamani sana kutoka Afrika ya Mashariki, na Kiswahili chake ni cha bibi yake, kimechanganyika na Kiingereza. Ameniita kwenye kamba ya nguo. "Josephine, nani kasema mtoto huyu hasemi? She's a radio, man! Kila siku nikianika namsikia ndani anamfundisha doli wake, anamgombeza, anampa hesabu." Akainama: "Njoo, my baby. Mwambie bibi jina lako."

Mireille akakaza midomo. Na hakumtazama Mama Khadeeja. Alinitazama mimi. Alikuwa anangoja ruhusa!

Nikamwingiza ndani, nikafunga mlango. Nikamwuliza sababu: juu ya nini humujibu bibi?

"Mama, si ulisema nje hatuongei."

Mungu wangu.

Ni mimi niliyesema. Mwaka 2008, zile vurugu, wageni wanapigwa, na yeye ndiyo kwanza miaka miwili, anaropoka Kiswahili kila mahali. Kwenye taxi, kwenye foleni ya kliniki, nilimziba mdomo kwa kiganja. Wakisikia lugha yetu watajua sisi si wa hapa. Nje hatuongei. Kila asubuhi mlangoni, kama mama wengine wanavyouliza umenawa uso? Vurugu zikapita, mimi sikuacha. Hata siku ya kwanza ya shule nilimwambia hivyohivyo, nikimfunga kamba za viatu. Na shule iko wapi? Iko nje!

Kumbe mtoto hana kichwa kizito. Mtoto ana utii. Mwaka mzima wanamcheka, anatii tu. Kikulacho ki nguoni mwako — ni mimi niliyekuwa nguoni. Na ardoise zangu ninazoringia zimemsaidia kunyamaza vizuri zaidi.

Jumapili, 3 Machi

Nimegombana na Papa Mireille baada ya ibada. Anasema sheria ile ilituokoa. Kweli, sikatai. Anasema mtaa ni uleule, na nikimfungua mtoto mdomo, likitokea la kutokea nitajibu mimi. Nitajibu! Nikamwuliza anataka mwezi wa sita wamwandike mwanawe kuwa bubu kwa sababu ya woga wetu sisi wawili? Ametoka kwenda kumsaidia jirani kuosha gari ambalo wala halikuwa chafu.

Ardoise nimezipandisha juu ya kabati.

Jumatatu, 11 Machi

Somo jipya tangu Jumatatu iliyopita: kelele. Nimemsimamisha uani, nimemwambia sheria imebadilika, sasa nje tunaongea. Amenitazama kama mwongo.

"Hata kwenye taxi?"

Hata kwenye taxi.

"Hata Kiswahili?"

Hapo nilisita. Kidogo tu, lakini ameona. Mtoto anasoma uso wa mama yake kabla hajajua a-e-i-o-u. Akarudi ndani kwa doli wake.

Wiki nzima hakuna neno uani. Nimebembeleza, nimeahidi beignets, yale maandazi yetu, nimefoka — halafu nimeomba msamaha kwa kufoka. Mama Khadeeja amesema mtoto ananifuata mimi. Hajanisikia mimi nikiongea nje, sasa yeye aanzie wapi? "You first, Josephine."

Yule mama! Ana haki, na imeniuma.

Jumatano, 10 Aprili

Iko siri yangu moja ya aibu. Miaka tisa Durban, sijawahi kumwambia dereva wa taxi, hizi basi ndogo za abiria, asimame. Hata siku moja! Nangoja abiria mwingine aseme, nashuka naye, halafu natembea. Siku zingine natembea kilomita nzima na mifuko mikononi. Mireille maskini alidhani nyumba yetu iko mbali hivyo.

Leo tumetoka mjini kununua mesh, nywele bandia za kusukia. Robot yetu, zile taa za barabarani, inakaribia. Hakuna mwingine anayeshuka. Nimefungua mdomo: "After robot, driver!" Sauti imetoka kama ya mbuzi.

"Sharp, mama." Akasimama.

Hivyo tu! Miaka tisa nimetembea kwa miguu, kumbe ni hivyo tu!

Mireille amebaki kando ya barabara ananikodolea macho. "Mama, umeongea nje." Nimeongea, ndiyo. Akafikiri. "Na hakuna kitu imetufika." Tukaanza kucheka, hatukuweza kuacha, mpaka muuza mahindi naye akacheka na hajui sababu.

Ijumaa, 19 Aprili

AMEONGEA!

Dukani kwa Aadil, pale kona. Nimempa pesa, mimi nimebaki mlangoni kwa makusudi. Aadil amemwuliza anataka nini. Kimya. Mtu nyuma yake amekohoa. Nimeuma ulimi nisimsaidie — kweli nimeuma, bado unauma. Halafu ile sauti ya kumfundisha doli, wazi kabisa, kwa Kiingereza: anataka mkate wa brown, please, na Mama anasema usimpe ule wa jana!

Sentensi nzima! Na ndani yake amemchongea mama yake! Aadil amecheka, amempa mkate wa moto na peremende juu. Mimi nimekimbia nyuma ya duka nikacheza peke yangu, mikono juu, kama siku ya harusi. Kama kuna mtu ameniona, na aone.

Papa Mireille, nilipomsimulia, alikata mkate akala bila chai, polepole. Halafu akaomba nimsimulie tena.

Jumamosi, 11 Mei

Sasa nani atamnyamazisha? Anasoma kila bango kwa sauti. Anamwuliza Mama Khadeeja kwa nini meno yake yanalala kwenye glasi. Henriette amefika kusukwa saa nne badala ya saa tatu, akamkuta mlangoni: "Tantine Henriette, umechelewa. Geti imefungwa." Henriette amekosa la kusema! Henriette! Nimetamani kalenda yenye siku hiyo kwa rangi nyekundu.

Ila nisijidai mapema. Juzi kliniki amepiga soga na foleni nzima. Tulipoingia, nesi akafungua faili, akachukua kalamu, akamwuliza umri wake — midomo ikajifunga palepale. Watu wa faili na kalamu bado wanamtisha. Wanafanana na yule mwalimu wake. Na afisa atakuja na nini, kama si faili na kalamu?

Alhamisi, 13 Juni

Siku nne tumecheza ofisi. Mimi afisa, faili ni boksi la cornflakes. Ananijibu vizuri, lakini anajua ni mimi. Nimemwomba Mama Khadeeja avae miwani awe afisa. Mireille akaomba yeye ndiye awe afisa. Tukamwacha. Amemhoji Mama Khadeeja nusu saa nzima, na amemfelisha.

Jumanne, 18 Juni

Kesho. Wamesema twende sisi ofisini kwao, hawaji nyumbani. Papa Mireille ameomba ruhusa kazini, mara ya kwanza tangu aanze. Nimemkataza kumpa mtoto maonyo yoyote mlangoni. Amesema hana onyo, atakaa tu kwenye benchi, na yeye hatafungua mdomo. Namjua. Hajawahi kuongea Kiswahili mbele ya watu wa ofisi tangu tufike nchi hii. Hata mimi, tukiwa huko, ananiambia kwa macho.

Nimemsuka Mireille mistari kumi na miwili. Vidole vyangu vimekosea mara mbili. Mimi!

Jumatano, 19 Juni

Korido ya ofisi ya elimu. Naandikia magotini. Benchi zimejaa watu.

Afisa ni mama mnene mwenye miwani, Mrs Mkhize. Amesema mtoto aingie, wazazi wabaki nje. Wabaki nje! Hilo sikuliwaza. Mireille amegeuka mara moja mlangoni, amenitazama. Nimemwambia kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya korido nzima: ongea, mwanangu, popote! Mlango ukafungwa.

Saa tano kasoro kumi. Namsikia Mrs Mkhize peke yake. Anauliza, anangoja, anauliza tena.

Saa tano. Kimya. Papa Mireille anatazama viatu vyake. Nataka kugonga ule mlango. Nimekaa juu ya mikono yangu, ndiyo maana sikuandika.

Saa tano na dakika tano. Kimya bado. Mungu, nimemharibu mwenyewe na sikuwahi kumtengeneza. Miezi minne si kitu mbele ya miaka mitano ya kiganja mdomoni.

Ngoja.

Ni yeye! Ni sauti yake! Si ya kunong'ona — ni ile ya kumgombeza doli! Ameuliza kitu. Yeye ndiye anayeuliza! Anamwuliza Mrs Mkhize kama anajua Kiswahili. Mrs Mkhize anasema hapana, hajui. Mireille anasema si ngumu, atamfundisha, tuanze na kuhesabu, urudie nyuma yangu. Moja! Na yule mama wa serikali, na faili yake: moja. Mbili! — mbili. Korido yote imenyamaza inasikiliza.

Mzee aliyekaa nasi amemwuliza Papa Mireille hiyo ni lugha gani. Papa Mireille amesimama — amesimama wima! — na amejibu kwa sauti ya mtu anayehubiri: "Ni Kiswahili. Na huyo ni mtoto wangu." Watu wamegeuka wote. Hajakaa chini. Machozi yanamtoka na hayafuti.

Saa tano na dakika ishirini. Fomu ya afisa haijasainiwa, hatujui lolote. Mrs Mkhize amekwama kwenye sita, na Mireille amemrudisha mwanzo.