Nafumba Macho Tu

Jumapili, 14 Julai 2024

Baridi ya Iringa mwaka huu imeamua kutumaliza. Lea yuko likizo kutoka chuo Mbeya, wiki ya pili sasa. Anaamka na simu, anakula na simu. Nikipita karibu anaigeuza kifudifudi. Kuna mwanaume hapo — mimi si mtoto. Nimemuuliza kwa utani mkwe wangu anaitwa nani. Kacheka, kasema mkwe wangu ni mtihani wa takwimu. Sijacheka.

Jumanne, 16 Julai

Nimefanya.

Anord, fundi simu wa sokoni, alinielekeza jana: unashika simu yake dakika moja, unaiunganisha na yako, meseji zake zote za Wasap unazisoma kwako. Lea alikuwa anaoga. Namba ya siri nimeipata mara ya kwanza — mwaka aliokufa baba yake. Nilinyata kama mwizi wa kuku. Kama? Mwizi ndiye mimi.

Hakuna mwanaume. Nimesoma saa nzima, cherehani imelala, shati la mteja halina mkono. Anaandikiana na Ruwaida, Mwislamu, wanakaa chumba kimoja chuoni. Wanatumiana vitabu! Wanabishana wee, halafu wanatakiana usiku mwema. Na hii ya mwezi wa tano: "Tangu baba afe sisali, Ruwaida. Kanisani nafumba macho tu. Usimwambie mtu, mama ataumia."

Ruwaida hakumwambia mtu.

Jumatano, 17 Julai

Ningemwita tu tukazungumza. Lakini ningeanzaje bila kusema nimejuaje? Nikaenda kwa Mama Masumbuko, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Njiani niliapa nitasema nusu. Nimesema yote, mpaka maneno yenyewe. Kanishika mkono, kasema siri hii ataingia nayo kaburini — ila jambo zito hivi haliombewi na mtu mmoja.

Nimerudi, Lea kashona ule mkono wa shati bila kuambiwa. Kauliza, mama unaumwa? Nikasema mgongo.

Ijumaa, 19 Julai

Kaburi la Mama Masumbuko halina mfuniko. Leo kwenye grupu la jumuiya: kesho saa tisa alasiri tukutane kwa Mama Lea, kuna kijana wa kuombewa. Kijana! Nyumba hii ina watu wawili, na mmoja ana miaka arobaini na tisa. Nilitaka kuandika msije. Nimeandika Amina.

Lea nimemwambia wanakuja kuniombea mgongo. Kaenda kukanda unga wa maandazi.

Na bado nachungulia! Kamwandikia Ruwaida: mama anaumwa na hasemi, namhurumia. Nimeona haya mpaka masikio yamewaka.

Niandike na hili, hapa ambapo hakuna anayesoma. Tangu tumzike Crispin, baba yake Lea, hata mimi sina hakika kama kuna anayesikia. Naimba, nasema Amina, narudi nyumbani. Miaka minne. Ndiyo maana daftari hili linakaa sandukuni, na sanduku lina kufuli. Mwenye siri ni mimi, na siri niliyoitoa ni ya mwanangu.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika chumbani. Wako sebuleni, watu kumi na mmoja. Nimesema natafuta vikombe.

Walikuja na salamu zao za kamwene na mashuka mabegani. Lea akawapokea wote, akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Tulipoinamisha vichwa akaniwekea mkono mgongoni, pale nilipomdanganya panauma. Mkono wa moto, umetoka kwenye maandazi.

Mwinjilisti Tadeo hana roho mbaya, ana sauti tu. Akaomba kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya wajane. Halafu: "Baba, mtazame na binti huyu, ambaye tangu baba yake atwaliwe anakuja mbele zako akifumba macho tu."

Mkono ukaondoka mgongoni.

Niligeuka. Wote wamefumba macho, isipokuwa sisi wawili.

Nilimfuata jikoni. Anamimina chai kwenye chupa, hata tone halikumwagika. Nikasema Lea, mwanangu, nilidhani kuna mwanaume. Akafunga chupa. Kasema, "Mama, ufunguo wa sanduku lako uko chini ya pipa la unga. Najua tangu darasa la tano. Sijawahi kufungua."

Akabeba sahani ya maandazi, akawapigia magoti wageni mmoja mmoja, kama nilivyomfundisha.

Nina aibu. Sina neno jingine.

Mama Masumbuko ananiita, mara ya pili sasa. Mwinjilisti anataka mzazi ndiye asali, kwa sauti, wao waitikie. Mlango uko wazi kidogo. Lea amekaa kwenye kigoda katikati yao, mikono mapajani, ananisubiri. Hajafumba macho.