Lathbury Mkubwa

London, 3 Machi 1874

Kwako mdogo wangu Giles,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako ambaye ni mzima, ila mafua ya London hayaniachi. Tabitha hajambo? Na watoto? Najua ni miaka minne sijakuandikia. Nuna kwanza, ukimaliza kununa usome.

Nimepewa kazi ya kuijenga upya shule yetu ya Wexcombe. Ukumbi mpya wenye matao yaliyochongoka, mnara wa saa, na bweni la vijana tisini. Mwalimu mkuu anataka madirisha ya madarasa yawe juu ya kichwa cha mtu mzima, wanafunzi waone mwanga tu, wasione malisho. Kwenye bweni nimeweka ngazi za mawe pande zote mbili, na taa ya gesi juu kabisa mkono usikofika. Mshumaa hauingii tena humo.

Mbao za mwaloni zenye majina ya wanafunzi zinatakiwa zibanduliwe kwenye ukumbi wa zamani na kupachikwa upya. Simwamini seremala mwingine. Utakuja?

Baba bado yuko kwenye nyumba yake ya kasisi kule Aldmere. Macho yamemwishia, anaona vivuli tu. Ataletwa kwenye ufunguzi, tarehe 29 Septemba.

Ni mimi kaka yako,
Everard

*

Stroud, 11 Machi 1874

Kaka,

Barua imefika. Sisi wazima. Tabitha anakusalimu.

Nitakuja. Nina sharti moja. Mshumaa ulikuwa wako. Ulikuwa unasoma kwa siri nyuma ya kiambaza cha mbao, kiambaza kikashika moto, bweni likateketea. Nikasema ni mimi kwa sababu ulilia, na Oxford ilikuwa imeshakupa nafasi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikadhani nitachapwa tu. Nikafukuzwa, na Baba hajanipa mkono mpaka leo. Miaka ishirini na miwili.

Mwambie. Usimwambie mwalimu mkuu, wala usiandike gazetini. Mwambie Baba tu, kabla ya huo ufunguzi. Mimi siwezi kumwambia. Nikisema mimi, ni mtu anayejitetea.

Mdogo wako,
Giles

*

London, 20 Machi 1874

Mdogo wangu,

Natumai hamjambo nyote. Mimi sijambo, na barua yako nimeisoma mara tatu. Una haki. Nakwenda Aldmere Pasaka hii, nitapiga moyo konde nimweleze yote. Chukua neno langu.

Kaka yako,
Everard

*

Wexcombe, 2 Juni 1874

Kaka,

Mimi mzima. Natumai nawe.

Mbao zote zimeshuka, mia mbili na kumi na mbili. Nimezipanga sakafuni na kuzipa namba kwa chaki. Ubao wetu ni wa themanini na nane. Nilikuwa sijauona tangu asubuhi ile seremala wa shule alipolipiga randa jina langu, shule nzima imesimama inatazama. Wamebakiza kibonde kinachoingia nusu ya kidole. Juu yake wewe upo vilevile: LATHBURY MKUBWA.

Unajua desturi yao. Neno hilo huchongwa pale tu mtu anapokuwa na mdogo wake shuleni. Waliniondoa mimi wakasahau kukupunguzia wewe. Nimelitazama kwa muda, halafu nikaenda kunywa chai.

Pasaka imepita.

Mdogo wako,
Giles

*

London, 9 Juni 1874

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za afya? Mimi ndiyo hivyo, nahangaika na wauza mawe.

Usinihukumu haraka. Pasaka Baba alikuwa na kikohozi kibaya. Jioni nilikaa naye, nikafungua kinywa, na yeye akanishika mkono akamwambia mtumishi, "Huyu ndiye aliyenifuta machozi." Ningesema nini, Giles? Mwezi wa nane nitakwenda tena.

Hicho kibonde nacho, kwani lazima kionekane? Chonga jina lako upya humohumo. Nani atahesabu? Nakupa ruhusa kama msanifu wa jengo.

Kaka yako,
Everard

*

Wexcombe, 14 Septemba 1874

Kaka,

Sijambo. Mwezi wa nane nao umepita.

Jina langu sikulichonga. Nikilirudisha mwenyewe nitakuwa nimeiba.

Jana Baba alikuja hapa. Alisema siku ya sherehe watu watakuwa wengi, anataka apitie ukumbi kwa utulivu. Bawabu alimleta akamwacha na mimi. Alinisalimu, "Habari za kazi, fundi?" Nikamjibu nzuri, mzee. Hakunitambua. Sauti yangu aliyoiacha ilikuwa ya mtoto.

Aliomba nimpeleke kwenye ubao wa kina Lathbury. Nikampeleka. Akausoma herufi moja moja kwa kidole, halafu kidole kikateremka kikaingia kwenye kibonde. Kikakaa humo.

"Fundi," akasema, "huyu ameandikwa mkubwa. Mkubwa wa nani?"

Nikasema mimi nimeletwa kupachika mbao tu.

Akasema, "Nilikuwa na wawili. Yule mdogo sikumwuliza hata mara moja kama ni kweli. Niliisoma barua ya mwalimu mkuu, nikafunga mlango."

Nilikuwa nimeshika randa. Nilimwambia achunge kizingiti, kimeinuka kidogo. Akashukuru, bawabu akamchukua.

Nilidhani nitalia. Nilikula mkate na jibini, nikaendelea na ubao wa themanini na tisa. Sijui nimekuwaje, kaka. Hata Tabitha nimemwandikia kuhusu hali ya hewa tu.

Mzee anauliza, anataka kuambiwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukipata barua hii panda treni, usingoje sherehe.

Mdogo wako,
Giles

*

Aldmere, 24 Septemba 1874

Giles, mdogo wangu,

Sina salamu leo. Baba amefariki jana asubuhi.

Nilifika Jumatatu jioni, nakuapia nilikuja kwa ajili hiyo. Wakasema amelala. Jumanne alikuwa macho mchana kutwa. Nikamsomea gazeti. Nikamweleza upana wa matao. Akaniuliza kama ukumbi una baridi, nikasema hauna. Akauliza yule fundi wa mbao anaitwa nani, kwa kuwa alipenda alivyozungumza naye kwa upole. Nikasema simjui kwa jina.

Nimelisema hilo kwa mdomo wangu mwenyewe. Ninaliandika ili mtu mmoja alijue.

Mazishi ni Jumatatu. Njoo, nakusihi. Usimame karibu nami kaburini, watu watuone wawili.

Kaka yako,
Everard

*

Wexcombe, 26 Septemba 1874

Bwana Everard Lathbury,

Natumai una afya njema. Pole kwa msiba.

Kazi imekamilika. Mbao zote zimekaa mahali pake, ila wa mia moja na nne una ufa wa zamani, uangaliwe majira ya baridi.

Kwenye ubao wa themanini na nane nimerekebisha kosa la shule. Neno MKUBWA nimeliondoa, limetoka kwa mapigo manne ya randa. Sasa unasomeka LATHBURY, basi. Atakayeupapasa hatakuwa na la kuuliza.

Mazishini sitakuja. Vifaa vyangu nimeshavipakia kwenye mkokoteni. Ufunguo wa ukumbi uko kwa bawabu.

Giles Lathbury,
Seremala, Stroud